"Charge" ya simu, "charge" ya polisi: neno moja lina maana ngapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati moja mkoani Tanga. Kidato cha nne nilimaliza na Kiingereza cha kubahatisha, sasa najisomea mwenyewe usiku. Yanayonisumbua ni maneno mafupi ya kila siku. "Charge" nilijua ni kuchaji simu. Halafu benki wananikata "charges", polisi wana "charge sheet", na mkuu wetu hapa anaitwa "in charge". Nikifungua kamusi nakuta "discharge" ni mgonjwa kuruhusiwa, na pia ni uchafu unaotoka kwenye kidonda. Nakariri asubuhi, jioni zimepotea. Je, Waingereza wana upungufu wa maneno? Na kwenye fomu yetu kuna sehemu imeandikwa "chief complaint". Mgonjwa anamlalamikia nani, na huyo chifu ni nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupunguzie hofu: hukuleta maneno mengi, umeleta neno moja. Kuchaji simu, makato ya benki, hati ya mashtaka, mkuu wenu wa zahanati, hata mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, vyote hivyo vimeshuka kwenye gari moja la mizigo.

Warumi walikuwa na gari la magurudumu la kubebea mizigo waliloliita "carrus". Katika Kilatini cha zama za baadaye jina hilo likazaa kitenzi "carricare", yaani kupakia gari. Wafaransa wakakitamka kwa namna yao, na baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuvuka bahari na kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikakaa huko karne kadhaa kama lugha ya watawala na ya mahakama. Maneno yake yakaingia Kiingereza kwa maelfu, "charge" likiwemo, na liliingia na maana yake ileile ya barabarani: kupakia, kutwika, kubebesha. "Car", "carry" na "cargo" ni ndugu zake. Mwenzetu wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa hapati tabu hapa, maana katika Kifaransa "charge" ni mzigo hadi leo.

Haya, shika hilo neno mzigo, tutembee nalo.

Benki ikikukata "charges", imekutwika gharama. Mtu akiwa na "charge" polisi, ametwikwa tuhuma. Sisi wenyewe husema fulani amebebeshwa kesi, na kama ameonewa tunasema amebambikiwa. "Charge sheet" ni orodha ya mizigo hiyo. Hapa naomba uwe mwangalifu: ukisikia mtu yuko "charged", jua ameshtakiwa tu, hajahukumiwa. Nimeona watu wakilitafsiri kana kwamba mtu keshapatikana na hatia, na huko ni kumvunjia heshima mtu ambaye hata utetezi wake haujasikilizwa. Mkuu wenu naye yuko "in charge" kwa sababu kituo kizima kipo begani mwake. Nyaraka za Kiswahili zinamwita mganga mfawidhi.

Na simu? Hapo njia inapita kwenye mzinga wa vita. Bunduki na mizinga ya zamani ilishindiliwa baruti upya kila baada ya kufyatuliwa, na kiasi hicho cha baruti kiliitwa "charge", mzigo wa bunduki. Miaka ya 1740 Mmarekani Benjamin Franklin alikuwa akijaza umeme kwenye chupa za kioo ili auchunguze. Akaazima lugha ya mizinga. Umeme uliojazwa chupani ukawa "charge", na chupa kadhaa zilizounganishwa pamoja akaziita "battery", jina la mizinga iliyopangwa kwa pamoja. Na hiyo "battery" imetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupiga. Ndiyo maana sheria ya Kiingereza ina kosa liitwalo "assault and battery", ambamo "battery" ni kipigo. Kwa hiyo kila usiku unapochomeka simu ukutani, unaitwika umeme, na betri yake ina jina la mizinga.

Ndugu zetu walioko Maskati wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Kiarabu nacho kina neno moja, "shahn", kwa kupakia mizigo na kwa kuchaji simu. Mzizi huo ndio uliotupa sisi shehena.

Iko pia "charge" ya kifaru anayekurukia porini. Tawi hilo limekwenda mbali na shina, na sitakulazimisha uone mzigo ndani yake.

Ukishauona mzigo, "discharge" inafunguka yenyewe. Kile kipande "dis-" cha mwanzoni hapa kinafanya kazi ambayo sisi tunaifanya mwishoni mwa kitenzi: funga, fungua, ziba, zibua, pakia, pakua. "Charge" ni pakia, "discharge" ni pakua. Meli ikitia nanga bandarini hapo Tanga na kushusha shehena, Kiingereza cha mabaharia kinasema "discharge". Mgonjwa akiruhusiwa, jukumu lililokuwa begani mwa hospitali limetuliwa. Askari akiachishwa jeshi, ametuliwa wajibu. Kidonda kikitoa usaha, kimeshusha kilichokijaa. Ni tendo lilelile moja, limebadilisha tu mahali linapotendeka.

Lakini nikuonye. Picha ya mzigo ni yako wewe ya kukumbukia, usimpe mgonjwa kama tafsiri. Kwake useme ameruhusiwa, kidonda kinatoa usaha au majimaji, mama anatokwa na ute. Kiswahili kimeweka neno lake kila mahali, na mgonjwa anastahili kuambiwa kwa neno lake.

Tazama na pakua lenyewe. Tulianza kupakua mizigo na ubwabwa, leo tunapakua programu kwenye simu. Hakuna Mswahili aliyekaa chini akakariri maana tatu za pakua. Ulipoisikia mara ya kwanza ile ya simu ulielewa palepale, kwa sababu picha ya kutoa kitu kilipo na kukileta kwako ulikuwa nayo tangu jikoni kwa mama.

Hapo ndipo ninapojibu swali lako la upungufu. Hawana upungufu, na huenda ni kinyume chake. Wachapishaji wa Oxford wana kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza ambayo mpango wake ulianza mwaka 1857 na toleo lake la kwanza likakamilika 1928. Katika toleo la 1989 neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set". Walipoanza kuisahihisha upya, mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na "run" zaidi ya miezi tisa, na alipomaliza kitenzi hicho peke yake kilikuwa na maana 645. Pua ikitoka makamasi, "run". Kanga mpya ikichuja rangi kwenye beseni, "run". Mtu akiendesha kampuni, maji yakitiririka bombani, njia ya basi ikifanya kazi, zote "run". Mmarekani anayegombea urais naye "run", ingawa Mwingereza kwenye uchaguzi wake husema "stand", anasimama. Sisi tulichagua kugombea, na mimi naona tuliisema kweli zaidi yao wote.

Kwa nini maneno madogo ndiyo yanayobeba zaidi? Mwaka 1945 George Kingsley Zipf, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri neno linavyotumika mara nyingi, ndivyo maana zake zinavyokuwa nyingi. Inaeleweka. Mtu akikutana na kitu kipya hakimbilii kubuni sauti mpya, anachukua chombo kilicho karibu na mkono. Kwetu chombo hicho ni piga. Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, kura, magoti, hodi, chafya na mbizi, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia na piga kama wewe unavyolia na "charge". Kwa upande mwingine, neno refu la kutisha kama "appendicitis" lina maana moja tu tangu lizaliwe. Wanafunzi wangu wengi waliogopa maneno marefu wakayadharau mafupi, na mtihani ukawapata kwenye mafupi.

Nikupe neno jingine la kazini kwako ambalo nalipenda sana: "cell". Kwa Kilatini "cella" ni chumba kidogo. Watawa waliishi kwenye vyumba vidogo, wafungwa wakawekwa kwenye vyumba vidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome laini linalotengenezwa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini, akaona vijumba vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita "cells", na biolojia ikabaki na jina hilo. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs kule Marekani walipendekeza eneo la mawasiliano ligawanywe vipande vilivyopangana, tena kama sega, kila kipande na mitambo yake. Huko ndiko "cell phone" ilikotoka. Na nchini kwetu, balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, kwa Kiingereza aliitwa "ten-cell leader". Mfungwa, seli ya damu, simu ya mkononi na balozi wa mtaa wako, wote wamo kwenye vyumba vya nyumba moja.

Angalia Kiswahili kilivyolipokea neno hilo. Tumelichukua mara mbili, kwa sura mbili. Mtuhumiwa hulala selo, daktari huangalia seli. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo kwa selo. Watu wenyewe walilitoa kituo cha polisi na midomo yao, na lile la maabara likaja baadaye kwa njia ya vitabu. Kwa hiyo pale Mwingereza anapobaki na neno moja, wewe tayari una mawili, na mgonjwa wa selimundu hawezi kudhani anapelekwa mahabusu.

"Ward" nalo ni la kulinda: wodi ya hospitali ni mahali pa kulindwa na kuangaliwa, na kata ya diwani kwa Kiingereza ni "ward" kwa asili hiyohiyo ya eneo lenye mlinzi wake. Wenzetu wa Kenya huita zote mbili wadi. "Theatre" ya upasuaji isikushangaze. Ni mahali pa kutazamia, na zamani upasuaji ulifanywa mbele ya wanafunzi waliosimama kwenye ngazi za mviringo wakiangalia. London kuna chumba cha namna hiyo cha mwaka 1822 kilichohifadhiwa hadi leo kwenye dari ya kanisa. Na "stool", ambayo ni kiti na pia ni choo kikubwa cha kupimwa maabara, mtu alikalia kiti cha haja hadi jina la kiti likahamia kwenye haja yenyewe. Usiwacheke Waingereza kwa hilo. Choo kwetu ni banda, na ni kile mgonjwa anachokileta kwenye kikopo.

Njia hii ya kutafuta shina ina mipaka yake, na ni haki yako kuijua. Yapo maneno ambayo si tawi la mti mmoja, ni miti miwili iliyokutana majani. "Light" ya taa na "light" ya kitu chepesi hazina ukoo mmoja. Zilikuwa na mizizi tofauti, sauti zikasogeleana kadiri karne zilivyopita. Ni kama kaa anayetembea upande ufukweni na kaa la moto jikoni. Kamusi nzuri itakuonyesha tofauti: miti miwili huandikwa kama maneno mawili tofauti yenye namba zake, na matawi ya mti mmoja huorodheshwa chini ya neno moja. Angalia hizo namba kabla ya kuanza kutafuta uhusiano usiokuwepo. Na yapo mengine ambayo uzi wake umekatika kabisa. "Nice", ambalo leo ni zuri, lilitoka kwenye Kilatini cha mtu asiyejua kitu, na huko mwanzoni Waingereza walimwita hivyo mpumbavu. Kujua asili hiyo kunapendeza, lakini hakutakusaidia kulitumia. Neno la namna hiyo lichukue lilivyo.

Kosa la maana mbili linaweza kumgharimu mtu. Nikiwa mwalimu kijana, mzee mmoja jirani yangu alipokea barua kutoka shule ya mwanawe. Ilikuwa ya Kiingereza tupu. Kijana wake mkubwa akamsomea hadi akafika kwenye maneno "outstanding fees". "Outstanding" alilijua kutoka kwenye ripoti, pale mwanafunzi hodari anaposifiwa. Akamwambia baba yake kwamba shule inamsifu kwa malipo yake ya ada. Mzee akatulia, na fedha iliyokuwepo akanunulia mbegu. Muhula ulipoanza mtoto akarudishwa nyumbani siku ileile, na mzee akaja kwangu na barua mkononi. Nilipomweleza kwamba ni ada anayodaiwa, alikaa kimya muda mrefu, na mtoto akapoteza majuma kadhaa ya masomo kabla ada haijapatikana. Sikumlaumu yule kijana, alisoma kwa elimu aliyokuwa nayo. Niliyemlaumu, na ninamlaumu hadi leo, ni mtu aliyekaa ofisini akamwandikia mkulima Mswahili kwa Kiingereza.

Shina la "outstanding" ni kusimama nje. Mwanafunzi hodari amejitokeza mbele ya wenzake. Deni nalo bado limesimama nje, halijaingia ndani likamalizwa. Lakini shina peke yake lisingemwokoa yule kijana. Kilichoweza kumwokoa ni neno la jirani, "fees". Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. "Outstanding" likitembea na "fees", "balance" au "debt", linadai. Likitembea na "student" au "work", linasifu.

Kwa hiyo daftari lako libadilishe. Usiandike "charge" kisha mstari wa maana sita. Andika neno na jirani yake, kama ulivyolikuta: "charged with theft", ameshtakiwa kwa wizi, "charge for the medicine", kutoza pesa ya dawa, "in charge of the ward", msimamizi wa wodi, "charge the phone". Vihusishi vidogo "with", "for" na "of" usiviruke hata kimoja, maana mara nyingi ndivyo vinavyoamua. Sisi hugeuza maana kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi: piga, pigia, pigana, pigisha. Mwingereza anayo machache ya namna hiyo, basi huweka kineno kidogo nyuma ya kitenzi. Jikoni mwenu mkiishiwa chumvi, yeye atasema "run out of". Ukikutana na mtu bila kutarajia, "run into". Gari likimgonga mtu, "run over". Vichukulie hivyo vineno kama mikia ya vitenzi vyetu na utaona vinatulia. Vitatu kwa usiku mmoja vinatosha, na kila kimoja kiwe ndani ya sentensi uliyoisoma au kuisikia, siyo uliyoibuni.

Kuna neno moja la hapo kazini naomba ulishughulikie mapema: "positive". Kutoa majibu ni kazi ya mhudumu wa afya, najua, lakini karani ndiye anayeulizwa mlangoni. Kwenye maisha ya kawaida "positive" ni jambo jema. Kwenye kipimo maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana, na mara nyingi kilichotafutwa ni ugonjwa. Mgonjwa akisikia majibu yake ni chanya anaweza kutoka akitabasamu na dawa asichukue. Ukiombwa ufafanuzi, mrudishe kwa aliyempima aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: vimelea vya malaria vimeonekana kwenye damu, au havikuonekana.

Sasa "chief complaint" yako. "Chief" linatokana na neno la Kilatini la kichwa. Mtawala ni kichwa cha watu wake, na jambo kuu ni kichwa cha mambo mengine, kwa hiyo kwenye fomu hakuna chifu, kuna kuu. "Complaint" nalo lilikuwa maombolezo ya mtu mwenye maumivu kabla halijawa lalamiko la kumshtaki mwingine, na hospitali imeishika ile maana ya zamani. Mgonjwa hamlalamikii mtu yeyote. Fomu inauliza kile ambacho ninyi huuliza kila siku: unasumbuliwa na nini? Ukitakiwa kuijaza sehemu hiyo, andika kilichomleta leo, kwa maneno yake mwenyewe. Akisema kichwa kinamuuma tangu juzi na usiku anatetemeka, andika hivyohivyo. Usiandike malaria, hata kama wewe na yeye wote mnahisi ndiyo.